UZI: Kazi gani tabia yako haiwezi kuibeba, hata ukilipwa vizuri?

#1 Sifa_Himbi (Goma)

Salamu kwenu wote. Kuna jambo limenikaa moyoni, naomba tulijadili kwa uzito wake.

Sekondari nilichukua opsio (mchepuo) ya biashara, na hesabu hazijawahi kunisumbua. Kwa sababu hiyo jamaa nzima ikaamua kwamba mahali pangu ni kwenye meza ya mjomba ya kubadilisha franga, kule Birere. "Huyu mtoto anahesabu haraka, atafaa." Hesabu kweli hazikunishinda. Ila niligundua kwamba pale hesabu ni sehemu ndogo kabisa ya kazi. Sehemu kubwa ni ubishi. Mtu analeta noti ya dola iliyopasuka kidogo pembeni, unamwambia haipokelewi, anakuuliza nani amekutuma kumdharau. Mwingine anahesabu mara tatu, anasema zimepungua, anapandisha sauti, watu wanajaa. Mimi sauti ikipanda, akili inafunga. Jioni narudi nyumbani na maneno ya watu nisiowajua kichwani, chakula hakipiti.

Nikaomba kuacha. Nikaitwa mvivu, nikaambiwa nachagua kazi katika mji usio na kazi.

Ninachodai ni hiki: kazi tunaipima kwa upande wake unaoonekana, wakati kinachomchosha mtu ni upande wa ndani. Kuukataa upande huo si uvivu. Kila mmoja ataje kazi ambayo tabia yake haiibebi, na aeleze ni nini hasa ndani yake kingemshinda. Mshahara tuuache pembeni kwanza.

#2 Kambisti_wa_Birere (Goma)

Asante kwa uzi, dada. Mimi niko kwenye meza hizo hizo miaka mingi, labda hata mjomba wako tunajuana.

Umesema kweli kuhusu ubishi, lakini sikubali kwamba ni suala la tabia. Ni suala la kuelewa. Ile noti ukiikubali kwa huruma, jioni hakuna atakayeipokea kutoka kwako, si mwenye duka wala mwenye hoteli. Hasara ni yako peke yako. Ukishalijua hilo mpaka kwenye mifupa, kukataa noti kunakuwa kujilinda tu, na kelele za mtu hazikuingii tena. Mimi nilipoanza nilikuwa natetemeka mikono.

Jambo la pili, uliingia lini? Tangu benki zifunge hapa Goma mwezi wa kwanza 2025, noti ni zile zile zinazozunguka mikononi, zinachakaa, na hakuna dirisha la kupeleka mbovu. Ubishi umeongezeka mara nyingi kuliko zamani. Nadhani ulikuta wakati mbaya.

Kazi isiyonifaa mimi: ofisini. Kungoja karatasi isainiwe na watu wanne ili ninunue wino. Ningeumwa.

#3 Mwalimu_Ndosho (Goma)

Sifa, sisi wengine hata hatukupimwa kwa upande unaoonekana. Tulipimwa kwa kilomita. Mimi nilisoma pedagojia kwa sababu shule iliyokuwa na opsio hiyo ndiyo niliyoweza kuifikia kwa miguu. Nikafanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, nikafaulu, nikapewa chaki. Hakuna aliyeniuliza kama napenda watoto. Bahati yangu, nawapenda.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba huo upande wa ndani haukai mahali pamoja. Kabla ya 2019, sehemu iliyokuwa inanimaliza haikuwa kufundisha. Ilikuwa ile asubuhi unapopewa orodha ya watoto ambao wazazi hawajalipa, na wewe mwalimu wao ndiye unayewaita majina na kuwatoa nje mbele ya wenzao. Mtoto anakutazama usoni akikusanya madaftari yake. Wapo wenzangu walioweza kuifanya wakaendelea na somo la hesabu. Mimi somo lilikuwa limekwisha siku ile.

Septemba 2019 elimu ya msingi ikatangazwa bure katika shule za serikali. Ile orodha ikatoweka. Lakini wakaja watoto wengi kiasi cha kukaa chini, na wale wenzetu wasiokuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali wakabaki bila primu, ile nyongeza waliyokuwa wanalipwa na wazazi, na bila mshahara. Kazi ikawa nyingine, mimi nikiwa mtu yule yule. Sasa niambieni: mwaka upi tabia yangu ilifaa?

#4 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Swali zuri sana la mwalimu.

Huku Bukavu tuna shida ya namna nyingine. Watu wanaijua Panzi, hospitali iliyoanzishwa 1999, na wanajua Daktari Mukwege alipewa Nobel ya Amani 2018. Kwa hiyo msichana akiwa mpole, akiwa analia haraka filamu ikihuzunisha, jamaa inasema: huyu ana moyo, asome uuguzi. Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha afya, si Panzi, na nasema kinyume. Anayelia na kila mgonjwa ndiye tunayemkosa kabla ya miaka miwili. Wanaodumu ni wale wanaoweza kuingia chumbani, kufanya kinachotakiwa kwa upole, kutoka, kunawa mikono, na kuingia chumba cha pili wakiwa wazima. Mgonjwa wa chumba cha pili naye ana haki ya kupata muuguzi mzima.

Hiyo si roho ngumu. Nimewaona wenye roho ngumu pia, hao wanawaumiza wagonjwa bila hata kujua.

Kwa upande wangu, kazi isiyonifaa ni ya kusikiliza bila kutenda. Wale wasaidizi wa kisaikolojia wanaokaa na mama mmoja saa nzima, wanasikia yote, na hawana sindano wala dawa ya kutoa, wana kusikiliza tu. Nawaheshimu mno. Mimi mikono yangu ingetafuta kitu cha kushika.

#5 Motari_Majengo (Goma)

Bandugu, miye niko motari, nabeba bateja na pikipiki. Nasoma uzi yenu tangu asubui nikingoja bateja. Muko nasema bintu ya maana, lakini nitasema yangu.

Tabia njo nini mbele ya njaa? Batu banasemaka "kazi hii hainifae" wakati kuko mtu nyuma yao mwenye analipa nyumba. Miye sipendake kubishana bei. Kila mteja anabishana bei. Sipendake kelele, na niko mu barabara kutoka saa kumi na mbili. Baba yangu alikuwa seremala, atelie yake ilienda na lava ya mwezi wa tano 2002, tangu pale kila mutu mu nyumba akachukua kazi yenye alikuta. Hakuna mwenye aliulizwa tabia.

Dada Sifa, sikutukane. Lakini ile "mshahara tuuweke pembeni" miye siwezi kuiweka pembeni hata dakika moja.

#6 Yaya_Katindo (Goma)

Motari, pole kwa atelie ya mzee. Sahihisho moja: lava ya 2002 ya volkano Nyiragongo ilikuwa tarehe 17 Januari, ndiyo iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani. Ya mwezi wa tano ni ile ya 22 Mei 2021, iliyosimama upande wa Buhene kabla ya kuingia mjini.

Kuhusu mshahara nakubaliana naye nusu. Mwenye njaa hachagui mlango wa kuingilia, ila hata mwenye njaa anajua kazi gani inamwacha na nguvu ya kuamka kesho. Mimi nimeona vijana wawili wa nyumba moja, wote motari, njaa moja, baba mmoja. Mmoja anarudi anaimba, mwingine anarudi anapiga mlango.

#7 Motari_Majengo (Goma)

Ni ile yenye ilipita mjini. Miye nilikuwa mutoto.

Na huyu mwenye anapiga mlango, uliangalia kama moto, ile pikipiki, ni yake ao ni ya patro? Mwenye anapeleka versement, ile pesa ya patro, kila jioni anapiga mlango. Mwenye moto ni yake anaimba. Usiite ile tabia.

#8 Papa_Kamalondo (Lubumbashi)

Wadogo zangu wa Kivu, nawasalimu. Nina habari ya kwetu inayogusa pande zote mbili za ubishi huu.

Kampuni ya shaba ilianza huku 1906 kwa jina la Union Minière, mwaka 1967 ikawa mali ya taifa, baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa mfanyakazi ilikuwa zaidi ya kazi. Nyumba ilitoka kule, unga ulitoka kule, shule ya watoto, hospitali. King'ora kikilia unaamka, kikilia unarudi. Halafu ikaanguka. Mwaka 2003 wakaleta mpango wa kuondoka kwa hiari, ukigharimiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakachukua fungu lao la fedha wakatoka. Wengi walikuwa na mishahara ya miezi mingi isiyolipwa. Wakaambiwa: nendeni mlime, fungueni duka, nunueni basi dogo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa miongoni mwao. Alikuwa fundi wa yadi, mtu wa kutegemewa, hajawahi kuchelewa. Akafungua duka la unga. Hakuweza kumnyima mtu mkopo, maana maisha yake yote alikuwa amezoea kwamba unga unagawiwa. Hakuweza kupandisha bei asubuhi na kuishusha mchana. Alikuwa anafungua kwa saa ile ile ya king'ora ambacho hakikuwa kinalia tena, na kufunga wakati wateja ndiyo wanatoka kwenye shughuli zao. Duka likaisha.

Jirani yake, ambaye kazini kila mara alikuwa na kesi na mashefu, mdomo mrefu, hafuati ratiba, yeye alinunua mahindi upande wa Kasumbalesa, akauza, akanunua tena. Leo wajukuu wake wanasoma kwa jasho lake.

Kwa hiyo mimi nasema tabia ipo, lakini ile tuliyoiita "nzuri" ilitengenezwa na kampuni kwa faida ya kampuni. Kampuni ilipoondoka, ikamwacha kaka yangu na tabia ambayo hakuna aliyeihitaji.

#9 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Papa, nimesoma mara mbili. Asante.

#10 Mwanasaiko_G (Goma)

Nasoma saikolojia, niruhusuni kuleta kidogo ya darasani. Kuna mtu anaitwa John Holland, Mmarekani, ambaye mwaka 1959 alitoa nadharia kwamba watu na kazi wanaweza kupangwa katika makundi sita: wa vitendo vya mikono, wa kuchunguza, wa sanaa, wa kuhudumia watu, wa kushawishi na kuuza, na wa utaratibu na hesabu. Ukiwa kundi moja na kazi yako, unatulia. Ukiwa kundi tofauti, unaumia.

Tukileta hapa kwetu: anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni wa mikono. Anayesoma mitetemo pale Observatoire volcanologique, kituo cha kuchunguza volkano, ni wa kuchunguza. Mwalimu na Muuguzi ni wa kuhudumia. Kambisti ni wa kuuza. Sifa ni wa utaratibu na hesabu, akawekwa kwenye kundi la kuuza. Jibu limepatikana.

Pia kuna ule mtihani wa aina 16 za watu uliotungwa na Carl Jung, mnaupata bure mtandaoni.

#11 Kitabu_Wazi (Bukavu)

Mwanasaiko, Holland umemweleza vizuri. Ila Jung hakutunga mtihani huo. Yeye aliandika kuhusu aina za tabia mwaka 1921. Maswali yalitungwa baadaye na Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, na hakuna kati yao aliyekuwa amesomea saikolojia. Wengi wanaorudia mtihani huo baada ya wiki chache hujikuta katika aina nyingine, kwa hiyo usiutumie kumchagulia mtoto maisha.

Hata kwa Holland, watafiti waliopima kama mtu aliye kwenye kundi lake anaridhika zaidi na kazi wamekuta uhusiano upo, lakini ni mdogo. Maana yake mambo mengine mengi yanaingia katikati: malipo, shefu, usalama, umbali.

Anayenisaidia zaidi kumwelewa Sifa ni mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyeandika mwaka 1983 kuhusu wafanyakazi wanaolipwa ili waonyeshe hisia fulani. Alichunguza wahudumu wa ndege, waliotakiwa kutabasamu hata abiria akiwatukana, na wakusanyaji wa madeni, waliotakiwa kuonyesha ukali hata wakimhurumia mdaiwa. Alionyesha kwamba hiyo nayo ni kazi, inachosha, na haiandikwi kwenye kontra (mkataba wa kazi). Ule "upande wa ndani" wa Sifa una wachunguzi wake.

#12 Mutoto_Kibumba (Goma)

Kabla hatujaenda mbali: huyo aliyesema chukudu ni kazi ya mikono hajawahi kushuka nayo kutoka Kibumba.

Nguvu inahitajika kupanda. Kushuka, mzigo umejaa makaa au viazi, kinachohitajika ni subira. Breki ni kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kidogo kidogo kwa mguu. Anayependa mwendo anaanguka, mzigo unamfuata. Vijana wenye misuli kuliko mimi wameacha kwa sababu hawana moyo wa kwenda polepole. Na kuna kusubiri kwingine, unafika mjini, mnunuzi anajua umechoka, anataka uuze kwa hasara ili ulale. Lazima ukae kimya mpaka aongeze.

Kwa hiyo kwa makundi sita yako, mimi ni wa lipi?

#13 Mwanasaiko_G (Goma)

Kitabu, asante kwa sahihisho.

Mutoto, Holland mwenyewe alisema mtu ana mchanganyiko, kwa kawaida wa makundi matatu. Wewe una mikono na biashara pamoja.

#14 Yaya_Katindo (Goma)

Na utulivu wa padri. Ndiyo maana wamemsimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu pale mzunguko wa Chukudu, Mwanasaiko bado hajapata yake.

#15 Dada_Garaji (Goma)

Nimesita kuandika, lakini niseme. Neno "tabia" lina hatari ambayo hamjaigusa.

Mimi ni fundi wa magari. Nilipoomba kujifunza, kila garaji niliyogonga iliniambia ninyi wanawake tabia yenu haifai hapa, mna huruma, mnaogopa grisi, mtashindwa na maneno ya vijana. Hakuna aliyenipa hata bisibisi kuona. Aliyenikubali alikuwa mzee mmoja ambaye alihitaji mtu asiyemwibia vipuri, basi. Upande wa ndani wa kazi ya garaji, kwa taarifa yenu, ni kusikiliza. Injini inasema kabla haijafa. Na ni kumwambia mwenye gari ukweli kwamba gharama itakuwa kubwa, huku akikutazama kana kwamba unamdanganya.

Kwa hiyo nikisikia "kazi fulani haifai tabia fulani", nauliza kwanza: nani anasema? Akisema mwenyewe baada ya kujaribu, kama Sifa, namwamini. Akisemewa na wengine kabla hajajaribu, hapo ni mlango unafungwa.

#16 Mwalimu_Ndosho (Goma)

Dada, hiyo naiweka juu ya uzi wote. Hata darasani: mvulana anayepiga kelele tunasema atakuwa wakili, msichana anayepiga kelele tunasema hana adabu. Kelele ni moja.

#17 Mama_Sambaza (Goma)

Nawasoma wanangu. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nanunua soko la Kituku alfajiri.

Nilipoolewa nilikuwa mtu wa kimya kiasi kwamba mama mkwe alidhani namchukia. Mume alipokosa kazi nikaingia sokoni. Mwanzo nilisimama na beseni, sikuita mteja hata mmoja, samaki wakaharibika. Leo ukifika pale utanisikia kabla hujaniona. Lakini nikifika nyumbani ni kimya tena, watoto wanajua mama akirudi aachwe kwanza akae. Ile sauti ya soko naivua mlangoni kama viatu.

Tabia yangu haikubadilika. Nilipata nyingine ya kazini. Ila isingewezekana kama nyumbani nisingeachwa nipumzike. Sifa mwanangu, ulipokuwa unarudi kutoka Birere, ulikuwa na mahali pa kukaa kimya?

#18 Sifa_Himbi (Goma)

Hapana, mama. Tuko wengi, na jioni nilikuwa nakabidhi hesabu mbele ya watu wote, kila upungufu unajadiliwa wakati wa kula. Sikuwahi kuliona hilo kama sehemu ya kazi mpaka uliponiuliza.

Kambisti, niliingia baada ya benki kufunga, umekisia sawa. Lakini wewe ulitetemeka mikono ukaacha kutetemeka. Mimi sikuacha. Watu wawili wakipewa maelezo yale yale, mmoja anatulia, mwingine hatulii. Tofauti hiyo tuiite nini?

#19 Kambisti_wa_Birere (Goma)

Tuiite muda. Na mimi nilikuwa nalala peke yangu, hesabu zangu najadili na mto.

#20 Mfuatiliaji_2019 (Goma)

Naongeza kesi yangu. Wakati wa Ebola, ile iliyotangazwa Agosti 2018 Kivu Kaskazini na kufika hapa Goma Julai 2019, nilipata kontra ya kufuatilia waliogusana na wagonjwa. Unamtembelea mtu kila siku kwa siku 21, unapima homa, unaandika.

Kwa maelezo hayo walichagua vijana waaminifu na wenye mwandiko mzuri. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kukataliwa. Unabisha hodi, watoto wanakimbia. Jirani anafunga dirisha. Mama anakuambia ninyi ndio mnaleta ugonjwa ili mlipwe. Kesho asubuhi unarudi kwenye mlango ule ule na tabasamu lile lile. Aliyekuwa bora katika timu yetu hakuwa msomi kuliko wote. Alikuwa kijana aliyewahi kuhubiri nyumba kwa nyumba, kukataliwa kwake kulikuwa jambo la kila siku. Na mwenzetu mwenye cheti cha juu alivunjika mapema, maana maishani mwake hakuna aliyewahi kumfungia mlango.

Nadhani si suala la kuzaliwa wala la muda. Ni suala la yale uliyoyapitia kabla.

#21 Papa_Kamalondo (Lubumbashi)

Hapo unasema kama mimi, kwa njia nyingine.

#22 Zamu_wa_Usiku (Goma)

Mimi nalinda nyumba usiku. Watu wananionea huruma. Naomba msinionee. Nasoma, nasali, nasikia mvua. Kazi isiyonifaa ni zote mlizotaja hapo juu.

#23 Motari_Majengo (Goma)

Zamu, na ile usiku ya bunduki, unasomaka?

#24 Zamu_wa_Usiku (Goma)

Usiku wa namna hiyo nalala chini nyuma ya tangi la maji kama watu wote wa mji huu. Hofu hiyo haina kazi maalumu, hata wewe unayo kitandani. Naongea juu ya usiku wa kawaida.

#25 Motari_Majengo (Goma)

Umejibu muzuri. Nakubali kwako. Lakini kwa bengine bote nabaki pale pale: mutupatie kwanza kazi, kiisha mutuulize tabia.

#26 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Motari ndugu yangu, mtu anayefanya kazi isiyomfaa mbele ya mgonjwa, gharama hailipi yeye peke yake. Wewe ukichukia kubishana bei, mteja anapoteza franga mia tano. Muuguzi aliyechoka akikosea kipimo cha dawa, tunazika. Kuna kazi ambazo hatuwezi kusema njaa kwanza.

#27 Motari_Majengo (Goma)

Na motari mwenye amechoka, dada? Anabeba batu babili na mutoto katikati.

#28 Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Hapo umenishika. Tunawapokea kila wiki.

#29 Amani_Keshero (Goma)

Habari zenu. Mimi ni mgeni, nimesoma yote kwa sababu nina jambo la haraka. Nimeitwa kwenye mahojiano na koperative moja ya akiba na mikopo. Nafasi ni ya kufuatilia waliochelewa kulipa. Ni zile kazi za wakusanyaji wa madeni alizotaja Kitabu_Wazi #11. Mimi ni mtu wa kuona aibu, hata mtu akiwa na deni langu mimi ndiye ninayekwepa kukutana naye. Lakini nina mtoto, na sina kazi nyingine. Niende?

#30 Sifa_Himbi (Goma)

Usiende, kaka. Unayoyaeleza ndiyo yaliyonipata. Utakuwa unaingia nyumba za watu wanaojulikana na mama yako.

#31 Mama_Sambaza (Goma)

Aende. Aibu yake ndiyo itakayomfanya aongee na watu kwa heshima. Mimi nilikuwa na mkopo wa kikundi, aliyekuwa anakuja kwa ukali tulimkimbia, aliyekuja kwa heshima tulimlipa.

#32 Mfuatiliaji_2019 (Goma)

Mama, heshima inafungua mlango mara ya kwanza. Mara ya tano, mtu akiwa hana cha kulipa na wewe una orodha ya shefu, ni kitu kingine. Niliwahi kugonga milango kwa kazi ya kumsaidia mtu na bado nilichoka. Hapa unagonga kuchukua.

#33 Dada_Garaji (Goma)

Amani, hatukujui, usikubali tukuamulie. Omba ufuatane na mmoja wao kwa siku moja kabla ya kusaini, na uchague siku mbaya, mwisho wa mwezi.

#34 Kambisti_wa_Birere (Goma)

Na uulize mambo mawili siku ya mahojiano. Je, mnatembea wawili wawili au peke yako? Na mshahara ni wa kudumu, au wanakukatia asilimia ya unachokusanya? Kama ni asilimia na uko peke yako, hata mimi mwenye ngozi ngumu nisingeigusa.

#35 Amani_Keshero (Goma)

Barua inasema "malipo kulingana na matokeo". Kuhusu kutembea wawili haisemi kitu. Mahojiano ni Jumanne saa tatu, nitauliza.

#36 Motari_Majengo (Goma)

Jumanne niko Keshero asubui. Kama huna franga ya moto, niandikie, nitakupeleka.